Siku Tuliyotumwa Kuufunga Ukurasa wa Mtae

Mtu akikunyooshea simu yake na kukuambia "soma hapa," usisome hapo. Mshukuru, mrudishie simu, kisha ufungue ukurasa wenyewe kwa kompyuta ya ofisi na uanze kusoma tangu juu. Soma na maoni ya watu chini yake. Kanywe chai, urudi, usome tena. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa nilipoingia kwenye ukaguzi wa maudhui ya mtandaoni, na ndilo ninalowapa ninyi wanangu mnaoianza kazi hiyo sasa. Mlikuja mpaka huku Vuga, mkanikuta na jembe, mkaniamkia mmoja mmoja kama mlivyofunzwa, mkaniomba niwaandikie nilichojifunza. Basi naandika. Nitaruka huku na kule, kwa hiyo vumilieni.

Ofisi yetu ilikuwa Lushoto mjini, vyumba viwili juu ya duka la pembejeo, na dirisha moja ambalo halikukubali kufungika hata Julai, baridi ikiwa imeshika kwelikweli. Kazi ilikuwa kufuatilia siasa zinazosemwa mitandaoni huku milimani, kusikiliza malalamiko, kuamuru masahihisho, na pale inapobidi kabisa kuwaomba wenye mitandao waondoe chapisho au wafunge ukurasa. Watu walidhani tuna swichi ukutani ya kuzimia midomo ya wenzao. Hatukuwa nayo. Tulikuwa na fomu ya maombi kwenye kompyuta na kitufe cha kuituma hiyo fomu. Lakini kwa mwenye ukurasa wake, kitufe kile kilitosha kumnyima raha.

Wenye mitandao wenyewe wako mbali, na mara nyingi anayekujibu si mtu, ni mashine. Msimu mmoja wakulima wa viazi wa karibu na Lukozi walifungiwa ukurasa wao kwa uchochezi. Nikaenda kuangalia walichoandika. "Wameingia tena mashambani mwetu. Wanachimba chini kwa chini. Safari hii tusiwahurumie, tuwamalize wote." Walikuwa wanazungumzia fuko wanaokula viazi! Nikatuma maelezo, na kwa kujiona mjanja nikaambatanisha picha ya fuko aliyenaswa. Jibu likaja kwamba picha yangu nayo inaonyesha ukatili, na kwamba nikirudia nitafungiwa mimi. Bwana Mbelwa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakaa na simu siku baada ya siku mpaka akampata binadamu wa kuzungumza naye, na ukurasa ukafunguliwa. Fuko sijui waliishia wapi.

Huyo Bwana Mbelwa alikuwa mkuu wangu wa kazi, na nasema bila kuona haya kwamba sijapata kumheshimu mtumishi wa serikali kama yule. Ujana wake aliutumia kwenye utangazaji wa redio. Sikio moja lilikuwa zito, kwa hiyo kila simu aliipokea kwa spika ya nje, na sisi wote tukasikia mpaka salamu za mke wake. Hakuwa mpole sana. Ukimletea kazi nusunusu alikutazama tu, hasemi, mpaka unaichukua mwenyewe na kuondoka nayo. Lakini sikumwona hata siku moja akimnyenyekea mtu kwa sababu ya gari alilokuja nalo.

Kila lalamiko aliliuliza mambo matatu: nani anasema, nani amemlipia aseme, na je, aliyesemwa amepewa nafasi ya kujibu? Swali la kwanza alisema amelirithi kwa bibi yake. Kabla ya simu, habari huku kwetu zilirushwa kwa sauti kutoka kilima hadi kilima, bonde likiwa katikati. Bibi akiitwa kutoka ng'ambo alikuwa haitiki mpaka mwitaji ataje jina lake na la baba yake. Hata ungepiga kelele kwamba nyumba inaungua, angekuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani.

"Na nyumba ikiwa inaungua kweli?" nilimuuliza.

"Kutaja jina kunachukua muda gani, Mama Neema?"

Tangu siku hiyo na mimi nikaanza kuuliza jina kwanza.

Niwape na kisa cha sauti ya kughushi, maana nyie mtakutana nazo nyingi kuliko sisi. Wiki ya uchaguzi ilisambaa klipu ya sauti kwenye magrupu yote ya milimani: mgombea mmoja mzee akisema amejitoa, watu wasihangaike kumpigia kura. Sauti ilikuwa yake hasa, na kikohozi chake. Mimi nikaanza kuandika taarifa haraka haraka kwamba mgombea amejitoa. Bwana Mbelwa akaniambia nisikilize tena, safari hii nisikilize mwanzo tu. Klipu ilianza hivi: "Nimeamua kujitoa." Basi. Hakuna hamjambo, hakuna poleni na mvua, hakuna salamu kwa wazee wala kina mama. Yule mzee tulimjua. Hata kwenye kugombania mpaka wa shamba alianza kwa kuuliza hali ya nyumbani. Tukampigia simu. Alitusalimia, akauliza watoto, akauliza mvua za Lushoto, akamuulizia mke wa Bwana Mbelwa kwa jina, na chai yangu ilikuwa imepoa kabla hatujapata nafasi ya kumwambia kwamba amejitoa. "Mimi?" akasema. "Nimejitoa lini?" Kabla ya mchana kukanusha kwake kulikuwa kwenye magrupu yote, kwa sauti yake, na salamu zake zote ndani.

Uchaguzi ukapita. Waliokuwa ndani wakatoka, waliokuwa nje wakaingia. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yetu ni ya namna gani.

Kulikuwa na kiti kimoja cha wageni mbele ya meza ya Bwana Mbelwa. Kabla ya uchaguzi, katibu wa wakubwa wa zamani alikuwa anakuja kukikalia na kudai kurasa zifungwe, zinapotosha wananchi. Akiondoka anaingia Bwana Lameck, mtu wa upande wa pili, analalamika kwamba sauti za wanyonge zinazibwa. Huyu Lameck alizaliwa hukuhuku, wazazi wake walitoka Njombe kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, na alikuwa mzungumzaji mzuri. Siku moja alizungumzia uhuru wa kusema mpaka mimi nikatokwa na machozi, na mimi si mtu wa machozi. Serikali ilipobadilika, Lameck akawa msaidizi wa mheshimiwa mpya. Haukupita muda akaja kukaa kwenye kiti kilekile, anadai kurasa zifungwe, zinapotosha wananchi. Alipoondoka tu akaingia yule katibu wa zamani kulalamika kwamba sauti za wanyonge zinazibwa. Nilishindwa kujizuia, nikatoka nje nikacheka. Bwana Mbelwa yeye aliwapa wote chai ileile na maswali yaleyale matatu.

Wakubwa wapya walileta kanuni mpya, na niwe mkweli, haikuwa mbaya. Kila ukurasa unaogusa siasa ulitakiwa kuonyesha mwenye nao, na kila chapisho la kulipiwa liseme nani amelipa. Walikuwa wameumizwa na kurasa za gizani wakati wa kampeni, wakataka mwanga. Shida ni kwamba mwanga wenyewe kila mtu aliutaka kwenye nyumba ya jirani.

Sasa nifike kwa Rehema.

Rehema alikuwa fundi cherehani Mtae, kule juu kabisa mwisho wa barabara, ukitazama chini unaona tambarare yote. Alianzisha ukurasa wa kuwaambia watu barabara ikoje. Kila asubuhi aliuliza madereva wanaoteremka na wanaopanda, kisha anaandika: hapa pamebomoka, pale lori limekwama, mwenye mgonjwa asubiri au apitie juu. Mkijua barabara ile wakati wa masika, mnajua maana yake. Wajawazito wa Mtae walikuwa wanapelekwa kujifungua kwa kuutazama ukurasa ule. Polepole akaanza na kuuliza: barabara hii iliahidiwa, mbona kimya? Aliwauliza wa zamani, wakamkasirikia. Waliokuwa nje wakati huo wakampenda, wakasambaza maneno yake kila mahali, na wengi tunaamini alichangia kuwaingiza. Walipoingia, akawauliza na wao. Mara ukazuka ukurasa mwingine, usio na jina la mwenyewe, ukisema amenunuliwa na wale wa zamani.

Kilichozua balaa kilikuwa msiba. Mnajua wenyewe mambo ya watani msibani: watu wamenuna, kaburi liko wazi, mtani anakuja anajilaza njiani, anamwigiza marehemu, hataki mazishi yaendelee mpaka wafiwa wamtoe kwa chochote. Rehema na wanawake wenzake wakaifanyia barabara msiba. Walijifunga khanga, wakatandika jamvi kwenye shimo kubwa la kona, wakalia: "Barabara yetu weee, umekufa ungali kijana!" Kisha Rehema akamtangaza mheshimiwa mpya kuwa mfiwa mkuu na kumtaka aje haraka, la sivyo maziko hayafanyiki. Mheshimiwa alioa Mtae. Kwa hiyo kwa Rehema yule ni shemeji, na kumtania shemeji huku kwetu ni haki yako kabisa, hata awe na cheo gani.

Video ile ilizunguka. Lakini iliyofika kwa wakubwa ilikuwa imekatwa: wanawake wanalia, kaburi, jina la mheshimiwa. Kwisha. Lameck akaja na simu yake, akamnyooshea Bwana Mbelwa. "Soma hapa, mzee wangu. Wanamtabiria kifo kiongozi. Huu ni uchochezi, ukurasa ufungwe na mwenyewe akashtakiwe."

Bwana Mbelwa alimrudishia simu. "Nimekuelewa. Kesho ni siku ya soko Mtae. Twende tukamsikilize, na wewe uje."

"Mimi nije kufanya nini?"

"Wewe ndiye mlalamikaji."

Asubuhi tukaondoka na gari la ofisi: dereva, Bwana Mbelwa, Lameck na mimi, kompyuta mapajani. Ndani ya kompyuta ombi la kuufunga ukurasa wa Rehema lilikuwa limeshaandaliwa. Lilibaki kubonyezwa, na wa kubonyeza nilikuwa mimi.

Tulisimama Lukozi. Lameck akashuka kununua mahindi ya kuchoma, na simu ya Bwana Mbelwa ikaita. Ni mkubwa wetu wa kanda, na spika ilikuwa nje kama kawaida, tukasikia yote. "Mbelwa, mambo ya kusikilizana mtayafanya baadaye. Mkifika, funga huo ukurasa, kisha unipigie. Tumeelewana?"

"Nimekusikia, mkubwa," alijibu Bwana Mbelwa.

Dereva alinitazama kwenye kioo. Mimi nikaikumbatia kompyuta. Niliogopa, siwafichi, maana wakati ule Neema wangu alikuwa bado anasoma Kifungilo, na mimi kazi ilikuwa hiyohiyo moja. Lameck akarudi na mahindi, akatugawia wote. Hakujua kitu.

Mbele kidogo mvua ikaanza. Dereva akasimama, akatoa simu, akasoma kwa sauti ili sote tusikie: kona ya tatu imeteleza, msipite ukingoni, shikeni upande wa mlima, kuna lori limelala nusu njia lakini gari dogo linapita. Tukashika upande wa mlima. Tulipolifikia lile lori tukaona alama za matairi ya gari lililopita ukingoni kabla yetu, zilivyoteleza mpaka kwenye mdomo wa bonde. Lameck alifunga macho.

Tulipovuka alishusha pumzi. "Mungu ambariki aliyeandika hayo. Ni watu wa barabara?"

Dereva alibadilisha gia kwanza. "Ndiye huyo tunayemwendea," akasema.

Lameck alitazama bondeni mpaka Mtae. Mahindi yake yalipoa mkononi.

Tulikaa kwenye banda la kupakilia mboga, kati ya matenga ya kabichi na karoti, kwa sababu mvua iliwakimbiza wote humo. Wazee waliamkiwa kwanza. Bwana Mbelwa akazunguka akisema "onga mshi" kwa kila mmoja, salamu yetu ya mchana, akaulizwa ya Lushoto, naye akauliza ya Mtae, na Lameck akasubiri akipigapiga mguu chini. Kisha Rehema akaitwa. Nilitegemea mwanamke wa kutisha. Akaja mtu mwembamba, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, amekasirika waziwazi.

"Nani anasema kwenye ukurasa huu?" Bwana Mbelwa akauliza.

"Mimi. Rehema, mtoto wa Mzee Athumani seremala. Cherehani yangu iko mkabala na kanisa, na kila aliyemo humu ananijua."

"Nani anakulipa?"

"Ningelipwa ningekuwa na paa lisilovuja."

Watu wakacheka. Bwana Mbelwa hakucheka. Aliiomba video nzima, akaitazama mpaka mwisho pale wanawake wanapoanguka kwa kicheko juu ya jamvi, akamgeuzia Lameck naye aitazame yote. Kisha akarudi kwa Rehema, na hapa nataka msikilize vizuri, maana wengi humsimulia Bwana Mbelwa kama mtetezi wa Rehema tu.

"Hii picha ya lori lililopinduka, uliyoiweka chini ya video. Lilipinduka lini?"

Rehema alisita. "Zamani kidogo."

"Wakati wa nani?"

"Wa wale waliopita. Lakini mzee wangu, lori ni lori, na shimo ni lilelile!"

"Shimo ni lilelile, ila umeandika kana kwamba ni wiki hii. Umewabebesha hawa lori la wenzao. Utasahihisha?"

Rehema alimtazama kwa hasira, halafu akatazama chini. Mzee mmoja akamwambia kwa Kishambaa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "mwanangu, hapo amekushika." Akakubali. Alisema atalisahihisha leoleo, na ataandika kwamba alikosea.

Bwana Mbelwa akamgeukia Lameck. "Sasa na wewe. Nani analalamika?"

"Wananchi."

"Nitajie mmoja."

"Ni... ni viongozi, mzee wangu. Jambo limefika juu."

"Juu ni nani? Mheshimiwa ameiona video?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, na watu wakasogea karibu wasikie. Lameck alikuwa anaweza kudanganya hapo, na hakuna ambaye angemkamata. Aliishika ile simu yake akaigeuzageuza. Nilimwona akimtazama Rehema, na nadhani alikuwa bado yuko kwenye ile kona na lile lori.

"Hajaiona," akasema. "Mheshimiwa hajaiona. Ni mimi. Niliogopa ataiona kwa mtu mwingine aniulize nilikuwa wapi. Mimi ndiye niliyepiga simu huko juu."

"Na ule ukurasa unaosema Rehema amenunuliwa na wale wa zamani, usio na jina la mwenyewe?"

"Ni vijana wetu wa ofisini." Akaitia simu mfukoni. "Niliwaambia mimi."

Nimekaa kwenye vikao vingi maishani mwangu, vya kanisa, vya harusi, vya serikali. Sijawahi kuona mtu mwenye cheo akisema maneno kama yale mbele ya matenga ya kabichi. Nilimpenda Lameck siku ile, na mpaka sasa namheshimu kwa hilo. Bwana Mbelwa naye akamwita, kwa mara ya kwanza, "mwanangu." Alisema, "Ahsante, mwanangu. Sasa tunaweza kuzungumza."

Rehema ndiye aliyefuata kusema. "Basi umeshafika msibani kwa niaba ya shemeji. Huondoki bila kutupa kitu. Tutoe!" Wanawake wakadakia, wakamzunguka na khanga zao wakimzibia njia kama inavyofanywa kaburini. Lameck alicheka, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Alisema hana uwezo wa kuahidi barabara, ila atamleta mheshimiwa mwenyewe apite njia ile masika yakiwa bado, na siku hiyo jibu lolote atakalolitoa, hata kama ni la hakuna fedha, litawekwa kwenye ukurasa wa Rehema bila kukatwa. Wakamwachia.

Uamuzi wa Bwana Mbelwa ulikuwa mfupi. Video ibaki, yote. Picha ya lori isahihishwe. Ukurasa wa vijana wa ofisini uandikwe kwamba ni wa ofisi ya mheshimiwa, au ufe. Na Lameck apewe nafasi ya kujibu kwenye ukurasa wa Rehema, kwa jina lake. Watu wakaenda zao sokoni, kwa sababu mvua ilikuwa imekata na karoti hazijiuzi.

Tulibaki wawili, mimi na yeye, nyuma ya banda mahali panaposhika mtandao. Nilifungua kompyuta. Ombi lilikuwa pale, na kitufe chake.

"Nifanye nini nalo, mzee?"

"Lifute."

"Mkubwa amesema..."

"Mama Neema, lifute. Na ukiulizwa, sema uliamriwa na mimi. Usiongeze neno."

Nikalifuta. Mara ya kwanza nilikosea kitufe, nikarudia. Kisha akatoa simu, akapiga, spika nje. Alimsalimia mkubwa, akamuuliza hali, kama anavyostahili. Halafu akasema, "Nimesikiliza pande zote mbili. Kulikuwa na kosa moja, limesahihishwa. Ukurasa sijaufunga."

"Nilikupa agizo, Mbelwa."

"Ulinipa kwa simu, mkubwa. Nami nakujibu kwa simu. Ukitaka kwa maandishi, mimi nitaandika sababu zangu na kuweka jina langu. Nawe uandike agizo lako uweke lako."

Upande wa pili simu ikakatwa. Bwana Mbelwa akaitia mfukoni, akaniuliza kama nimeona mahali wanapouza mapeasi mazuri, mkewe amemwagiza.

Mheshimiwa alikuja kweli, akakwama kweli, akatoka garini akacheka na shemeji zake, na akasema wazi kwamba mwaka ule barabara haimo kwenye bajeti. Rehema akaliweka jibu lote. Watu hawakulifurahia, lakini walijua pa kuanzia kumdai. Vijana wa ofisini wakaandika majina yao kwenye ukurasa wao, na nikwambieni ukweli, walianza kuandika vizuri zaidi, maana mama zao sasa walikuwa wanawasoma. Na yule katibu wa zamani alipokuja kutaka tuwafungie, alipewa chai na maswali matatu.

Bwana Mbelwa hakumaliza masika nasi. Alihamishwa makao makuu, kwenye chumba cha kuhifadhia majalada ya leseni za redio zilizokwisha muda. Cheo kwenye barua kilikuwa kirefu na kizuri. Kazi haikuwepo. Alikaa humo mpaka alipostaafu, mbali na mkewe, mbali na shamba lake, na nilipompigia simu nilisikia mwangwi wa chumba kitupu kwenye spika. Hakulalamika hata mara moja. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Rehema alisikia kwamba amehamia makao makuu na amepewa cheo kirefu. Akafurahi kwa moyo wake wote. Akaweka picha ya Bwana Mbelwa kwenye ukurasa, amesimama kati ya matenga, na kuandika: "Mtae tunakupongeza mzee wetu kwa kupandishwa cheo. Serikali imeona haki yako." Watu wakamiminika kumpongeza, na Lameck akiwemo. Mimi nikaanza kuandika ukweli pale chini. Bwana Mbelwa akanipigia kabla sijamaliza, kana kwamba alijua.

"Acha," alisema. "Akijua, kila atakapotaka kuandika jambo atajiuliza kwanza nani ataumia. Ataanza kuandika kwa woga. Muache aandike barabara." Na yeye mwenyewe akajibu pale chini ya picha: "Ahsante sana, mwanangu," na jina lake lote.

Nimelishika neno lake miaka yote hii. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia nyumbani kwake, nikamwambia vijana wameniomba niandike, nikamwomba ruhusa. Alifikiri kidogo. Akasema barabara ya Mtae sasa inatengenezwa, na Rehema amekomaa vya kutosha, hawezi tena kuogopa. Akasema niandike.

Kwa hiyo haya yaliyobaki si yenu, wanangu. Ni ya Rehema, ambaye najua atayasoma, kwa sababu anasoma kila kitu. Rehema, mwanangu, kule hakupandishwa cheo.